Kunena Bila Waya: Historia Fupi ya Kadi ya Mtandao na Mapatano Yanayoiongoza

Mwalimu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta akijaribu kuiunganisha na mtandao usio na waya anajua kwamba mashine hiyo ina maswali mengi. Yataka kujua iko nchi gani. Yamtaka mtu achague jina moja katika orodha ya majina. Yadai neno la siri. Kisha yatangaza habari za anwani, ama imepatikana ama haikupatikana. Katika shule zetu maswali hayo huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, na wengi wetu huyajibu kwa kubahatisha. Kompyuta ikikubali, twashukuru. Ikikataa, twamtafuta fundi. Na fundi asipopatikana, kompyuta hufunikwa kitambaa ikangoja, na wanafunzi wakangoja pamoja nayo.

Makala haya yana shabaha moja. Yataka kuonyesha kwamba maswali hayo hayakutungwa na mashine. Kila moja ni alama ya shauri lililokatwa na watu, mahali fulani na mwaka fulani, ili wengi waweze kutumia hewa moja bila kuharibiana. Kupanga kadi ya mtandao ni kuitia kompyuta katika mapatano hayo. Mwenye kuyajua mapatano hubahatisha kidogo, maana kompyuta ikikataa aweza kuuliza ni sharti lipi ambalo halikutimizwa.

Simu ya upepo

Kabla ya kompyuta palikuwa na redio. Ilipofika mwaka 1888, Heinrich Hertz, mwanafizikia wa Kijerumani, alikuwa amethibitisha kwa majaribio kwamba mawimbi ya sumaku na umeme husafiri bila waya. Mwaka 1896 Guglielmo Marconi, kijana wa Kiitaliano, aliomba hataza nchini Uingereza kwa chombo cha kupeleka ishara za simu kwa mawimbi hayo. Chombo cha namna hiyo kilipokuja kujulikana katika nchi zetu, Waswahili walikipa jina la simu ya upepo.

Mwanafizikia aweza kulitia dosari jina hilo. Mawimbi ya redio hayabebwi na upepo wala hayahitaji hewa; hupita hata mahali patupu, kama mwanga wa jua unavyopita hadi kutufikia. Lakini walioliunda waliona jambo la maana zaidi, nalo ni kwamba penye waya pana njia ya peke yake. Neno lililosemwa katika waya hufika kwa yule aliye mwisho wa waya. Lililosemwa hewani humfikia kila mwenye sikio. Humo ndimo zilimotoka shida mbili kubwa za mtandao usio na waya, yaani namna ya kuzuia wasemaji wasigongane, na namna ya kuzuia wasiohusika wasisikie.

Shauri la Hawaii

Shida ya kwanza ilikabiliwa katika visiwa vya Hawaii. Chuo Kikuu cha huko kilikuwa na matawi katika visiwa mbalimbali, na kompyuta yake kuu ilikuwa katika kisiwa cha Oahu. Mwezi Juni 1971 mhandisi Norman Abramson na wenzake walianza kuendesha mtandao wa redio walioupa jina la ALOHA, neno la Kihawaii la kusalimiana na kuagana. Vituo vyote vilipeleka habari zao katika mkondo mmoja wa mawimbi, na kituo kikuu kilijibu katika mkondo mwingine. Kompyuta ndogo iliyolinda mlango wa kituo kikuu iliitwa Menehune, jina la watu wafupi wanaosimuliwa katika hadithi za visiwa hivyo.

Hapo palizuka swali ambalo kila baraza linalijua: wengi wakiwa na la kusema, nani aanze? Njia iliyozoeleka ilikuwa kumweka msimamizi wa kugawa zamu, au kumpa kila msemaji mkondo wake. Abramson hakuifuata. Aliacha kila kituo kipeleke kifurushi chake cha habari wakati wowote kinapotaka. Kikipata stakabadhi kutoka kituo kikuu, kilijua kwamba kifurushi kimefika. Kisipoipata, kilichukulia kwamba kifurushi kimegongana na cha mwingine. Kikangoja kidogo, kikarudia. Muda wa kungoja ulikuwa wa bahati nasibu, na hiyo ndiyo siri ya mpango wote. Wawili waliogongana wakingoja muda ulio sawa, watagongana tena na tena; wakingoja nyakati mbalimbali, mmoja atatangulia.

Uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Hesabu zilionyesha kwamba kwa njia hiyo mkondo hauwezi kubeba habari zenye kufika salama kwa zaidi ya asilimia 18 hivi ya wakati wake. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza kwamba kila kituo kianze kusema kwa mapigo maalumu ya saa tu, na kiasi hicho kikawa mara mbili. Mwaka 1973 Robert Metcalfe, aliyekuwa ameisoma kazi ya Abramson, alianza kubuni katika maabara ya Xerox huko California mtandao wa waya ambao ndani yake kila kompyuta husikiliza kwanza kabla ya kusema. Aliuita Ethernet, kutokana na etha, kitu cha kuwaza tu ambacho wanafizikia wa zamani walidhani kimejaa angani na kubeba mwanga. Tukiyalinganisha majina hayo mawili, tutaona kwamba Waswahili waliosema upepo na mhandisi aliyesema etha walipita njia ile ile: kila mmoja alitafuta jina la kisichoonekana.

Wahenga walisema kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Kazi ya Hawaii ilionyesha kwamba wanaweza kukaa, hata wakiwa wengi, mradi kila mmoja ajue kunyamaza. Kadi iliyomo katika kompyuta zetu hufuata adabu hiyo hadi leo: husikiliza, hungoja muda wa bahati nasibu, husema, kisha hungojea stakabadhi. Ndiyo sababu darasa lenye kompyuta arubaini zinazotumia ruta moja huenda taratibu bila ya kitu chochote kuharibika. Kila mmoja angojea nafasi yake ya kusema.

Hewa ya wote

Adabu peke yake haikutosha. Ilihitajika pia ruhusa. Katika kila nchi serikali ndiyo igawayo mikondo ya mawimbi, na kwa kawaida mtu hawezi kurusha mawimbi bila leseni. Lakini mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City nchini Marekani, baadhi ya mikondo ilitengwa kwa ajili ya mashine za viwanda, sayansi na tiba, ambazo hutoa mawimbi bila kusema neno lolote. Mmoja wao ni ule wa karibu na gigahezi 2.4, unaotumiwa na majiko ya mawimbi mafupi yanayopasha chakula moto. Kwa kuwa mkondo huo ulijaa kelele, ulihesabiwa kuwa kama uwanja wa taka.

Tarehe 9 Mei 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu mtu yeyote kutumia mikondo mitatu ya namna hiyo bila leseni, kwa masharti kwamba nguvu iwe ndogo, na kwamba mawimbi yatandazwe katika eneo pana ili yavumilie kelele na yasiwasumbue wengine. Mhandisi wa tume hiyo, Michael Marcus, ndiye aliyeutetea sana mpango huo. Ule uwanja wa taka ukawa kiwanja cha wote.

Swali la nchi ambalo kompyuta hutuuliza latoka hapo. Hewa ni moja lakini serikali ni nyingi, na kila moja ina ruhusa zake. Mkondo wa gigahezi 2.4 umegawanywa katika vijia vinavyoitwa chaneli. Nchini Marekani hutumika 11. Katika nchi nyingi za Ulaya hutumika 13. Basi kompyuta iliyopangwa kwa kanuni za Marekani ikiletwa mahali ambapo ruta inatumia chaneli ya 13, huenda isiuone mtandao huo kabisa, japokuwa kompyuta nyingine iliyo kando yake yauona vizuri. Kompyuta nyingi za misaada zimetumika kwanza katika nchi nyingine, na kwa hiyo jambo hili lafaa kukaguliwa mapema.

Yapasa pia kujua kwamba chaneli hizo hupandiana. Katikati ya chaneli moja na inayoifuata pana megahezi 5 tu, hali kila mtandao huhitaji upana wa megahezi 20 au zaidi. Chaneli ya 1, ya 6 na ya 11 ndizo zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Shule yenye ruta tatu zilizo karibu, ikiziweka katika chaneli ya 1, ya 2 na ya 3, itakuwa kama iliyowapanga walimu watatu kufundisha katika chumba kimoja kwa saa moja.

Kuelewana kwa kadi

Uhuru wa mwaka 1985 ulizaa vurugu mpya. Kila kampuni ilibuni kadi yake, na kadi ya kampuni moja haikuielewa ya nyingine. Kampuni ya NCR, iliyokuwa ikitengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani, ilitaka mashine hizo ziweze kuhamishwa bila kutandika waya upya kila duka linapopangwa upya. Wahandisi wake walioko Uholanzi walitengeneza mtandao ulioitwa WaveLAN. Mmoja wao, Vic Hayes, alichaguliwa mwaka 1990 kuongoza kamati ya taasisi ya wahandisi IEEE iliyopewa namba 802.11, naye aliiongoza kwa miaka kumi.

Kamati ilichukua miaka saba kukubaliana. Kiwango cha kwanza kilipitishwa mwaka 1997, nacho kilibeba biti milioni 1 au 2 kwa sekunde. Hata hivyo, ili kuwaridhisha wote, kamati iliruhusu njia tatu mbalimbali za kupeleka ishara, na kadi mbili zilizotii kiwango hicho hicho ziliweza bado kushindwa kuelewana. Ilipofika mwaka 1999 ndipo kilipopitishwa kiwango cha 802.11b, chenye njia moja na kasi ya biti milioni 11 kwa sekunde. Mwaka huo huo kampuni ya Apple ilionyesha kompyuta ya kubebeka iitwayo iBook, ambayo kadi yake ya mtandao iliuzwa kwa dola 99. Kitu kilichokuwa cha maghala na maduka makubwa kikaanza kuingia majumbani.

Mwaka 1999 vilevile makampuni yaliunda umoja wa kupima kadi zao ili kuthibitisha kwamba zinaelewana, nao waliona kwamba namba 802.11b haitamkiki sokoni. Wakaiajiri kampuni ya kubuni majina, Interbrand, na jina lililochaguliwa ni Wi-Fi. Walimu wa lugha watapendezwa kujua kwamba jina hilo si kifupisho cha maneno yoyote. Lilichaguliwa kwa mlio wake tu, na maelezo ya kwamba ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza yalibandikwa baadaye katika matangazo. Phil Belanger, mmoja wa waasisi wa umoja huo, ameeleza hivyo waziwazi. Basi mwanafunzi akiuliza maana yake, jibu sahihi ni kwamba halina. Na aelezwe papo hapo kwamba simu ya upepo lina maana.

Jina la mtandao wenyewe, lile tunalolichagua katika orodha, ni kitu kingine. Hilo hupewa na mwenye ruta, nalo halizidi baiti 32. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa mbalimbali, na nafasi tupu nayo huhesabiwa. Anayeandika jina hilo kwa mkono hana budi kuliandika kama anavyosahihisha insha.

Historia ya neno la siri

Tumesema kwamba lililosemwa hewani humfikia kila mwenye sikio. Waliotunga kiwango cha 1997 walilijua hilo, wakaweka kufuli iliyoitwa WEP. Ufunguo wake wa kwanza ulikuwa wa biti 40 tu, kwa sababu sheria za Marekani za wakati huo zilizuia kuuza nje vyombo vyenye usimbaji ulio imara kuliko huo. Lakini udogo wa ufunguo haukuwa kasoro pekee. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir, walionyesha kwamba kufuli yenyewe iliundwa vibaya, hata mtu akisikiliza vifurushi vya kutosha aweza kuupata ufunguo, uwe mrefu au mfupi.

Mwaka 2003 ilitolewa kufuli ya muda, WPA, iliyoundwa makusudi ili iweze kutiwa katika kadi zilizokwisha nunuliwa. Mwaka 2004 ikafuata WPA2, yenye usimbaji ulio imara zaidi, na mwaka 2018 WPA3. Kwa hiyo dirisha likitutaka tuchague aina ya usalama, huwa latuonyesha miaka hiyo yote kwa pamoja. Asiyejua historia huona herufi zinazofanana akachagua ya juu. Anayeijua hataichagua WEP hata siku moja, kwani shule iliyofungwa kwa WEP ni sawa na iliyofungwa kwa uzi.

Na hapa jambo si la ufundi tu. Walimu hupeleka alama za mitihani, majina ya watoto na barua za wazazi kupitia mtandao wa shule. Neno la siri la WPA2 laweza kuwa na herufi 8 hadi 63, na lugha yetu ina hazina ya kutosha kulitunga. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana, yakiunganishwa, hukumbukwa kwa urahisi na ni magumu kubuniwa, kuliko jina la shule na mwaka wake wa kuanzishwa.

Kadi, draiva na anwani

Zamani kadi ya mtandao ilinunuliwa peke yake ikachomekwa ubavuni mwa kompyuta. Mwezi Machi 2003 kampuni ya Intel ilitoa vifaa vya Centrino, vilivyotia kadi ndani ya kompyuta za kubebeka tangu kiwandani, na watu wakaanza kusahau kwamba kadi ni chombo cha pekee. Lakini ni chombo cha pekee bado, nacho chahitaji programu ya kukiendesha, ambayo mafundi wetu huiita draiva. Draiva hutungwa kwa ajili ya kadi fulani na mfumo fulani wa kompyuta. Isipokuwepo, kompyuta huwa kama mwenye barua iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Watumiaji wa mfumo wa Linux waliyaonja hayo kwa miaka mingi, kwani baadhi ya watengenezaji hawakutoa maelezo ya kadi zao. Wajuzi wa kujitolea walichunguza mwenendo wa kadi za Broadcom, wakaziandikia draiva iliyoingizwa katika Linux mwaka 2006. Na mwezi Septemba 2010 kampuni yenyewe ikatoa draiva ya wazi kwa baadhi ya kadi zake mpya. Kitendawili cha draiva hakijaisha hata hivyo: ili kuipata yahitajika intaneti, na ili kuipata intaneti yahitajika draiva. Jibu lake ni kuileta kutoka kompyuta nyingine kwa kifaa cha kuhifadhia, au kutumia waya kwa muda.

Anwani nayo ina mambo mawili yasiyopasa kuchanganywa. Kila kadi huwa na namba yake ya kiwandani, ya biti 48, inayoandikwa kwa alama kumi na mbili. Nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji. Lakini ili kuingia mtandaoni kompyuta huhitaji pia anwani ya mahali ilipo, na hiyo ni ya kuazima. Tangu mwaka 1993 uko utaratibu uitwao DHCP, ambao kwa huo kompyuta huomba anwani, ikaazimwa kwa muda maalumu, na muda ukiisha huomba tena. Ikiwa imeomba isijibiwe, kompyuta nyingi hujipa zenyewe anwani inayoanza na 169.254. Mwalimu akiiona namba hiyo, na ajue kwamba kadi inafanya kazi, lakini ombi lake la anwani halikupata jibu.

Utaratibu wa kufundishia

Kutokana na historia hii twaweza kupata utaratibu wa kufuata kompyuta inapokataa, tena kwa maneno ambayo mwanafunzi anayaelewa. Kwanza, je, kadi imetambuliwa, na draiva yake ipo? Pili, je, kadi na ruta zatumia mkondo mmoja? Kadi ya zamani ya gigahezi 2.4 haiwezi kuuona mtandao wa gigahezi 5, na nchi iliyopangwa vibaya huficha baadhi ya chaneli. Tatu, je, jina lililochaguliwa ndilo? Nne, je, aina ya usalama yaafikiana na kadi, na neno la siri limeandikwa sawasawa? Tano, je, anwani imeazimwa, au kompyuta imejipa yenyewe? Mpangilio huu una maana, kwa sababu sharti la nyuma halitimizwi kabla ya lile la mbele.

Ndugu walimu, katika nchi zetu Kiswahili kwa wanafunzi wengi ni lugha ya pili au ya tatu, nao mara nyingi huambiwa kwamba ni lugha ya nyimbo na ya soko, ilhali mambo ya mashine yana lugha zake. Kadi, draiva, mkondo, jina, neno la siri, anwani: kwa maneno hayo sita jambo zima laweza kuelezwa. Basi inafaa kila mmoja wetu ayaandike maswali hayo matano katika karatasi, ayabandike ukutani mwa chumba cha kompyuta, na kuwaachia wanafunzi wenyewe waijaribu ile iliyofunikwa kitambaa.